Kwanza Humtoa Katika Dini

Aprili 1909, katika kijiji cha Biyole kusini mwa Somalia, watu wenye silaha walimvamia mzee wa miaka sitini na kitu, wakamuua pamoja na wafuasi aliokuwa nao. Mzee huyo alikuwa Sheikh Uways bin Muhammad, mzaliwa wa Barawa. Alisomea Baghdad, akarudi na ijaza ya tarika ya Kadiria, akaieneza kutoka pwani ya Benadir hadi Unguja. Makhalifa wake wakaifikisha bara ya Tanganyika na mashariki ya Kongo. Masultani wa Unguja walimkaribisha. Mpaka leo, usiku wa kuamkia Ijumaa, zipo zawiya zinazosoma dhikri kwa silsila inayopita kwake.

Waliomuua hawakuwa Waitaliano waliokuwa wakiitwaa nchi wakati ule. Walikuwa Waislamu, Wasuni wa madhehebu ya Shafi kama yeye, tena masufi kama yeye. Tofauti ni kwamba walikuwa wa tarika ya Salihiya, wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdulle Hassan, yule aliyepigana na Waingereza miaka ishirini na ambaye Wasomali wengi wanamtukuza hadi sasa kama shujaa wa taifa. Ugomvi ulikuwa juu ya tawasuli: je, Mwislamu anaweza kumwomba Mungu kwa jaha ya walii aliyekwisha kufa? Kadiria walisema anaweza. Sayyid alikataa kabisa. Kwa muda walijibizana kwa mashairi ya Kiarabu, kila upande ukiuita mwenzake upotevu. Kisha upande mmoja ukaweka kalamu chini.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinavuruga hesabu tuliyoizoea. Siku hizi tunaambiwa, na wafadhili, na serikali, na hata baadhi ya mashekhe wetu, kwamba masufi ni watu wa amani na watu wa suna, yaani Masalafi, ndio wenye matatizo. Kwamba ukimwona kijana wa suruali inayoishia juu ya vifundo umtazame mara mbili, na ukimwona mzee wa kofia ya viua na tasbihi upumue. Biyole inakataa hesabu hiyo. Sufi alimuua sufi, kwa jambo ambalo maulamaa walikuwa wamehitilafiana karne na karne wakala chakula pamoja.

Ipo pia hadithi ya upande wa pili, nayo iko karibu nasi zaidi.

Mwaka 657, katika vita vya Siffin, Sayyidna Ali alikubali shauri lake na Muawiya lipelekwe kwa wasuluhishi. Kundi katika jeshi lake likamtoka, likisema hukumu ni ya Mungu peke yake. Miaka minne baadaye mmoja wa kundi hilo akampiga Ali upanga wenye sumu katika msikiti wa Kufa. Hao ndio Khawariji. Waliokuwa wakali zaidi kati yao walikuwa wa kwanza katika Uislamu kusema kwamba Mwislamu akitenda dhambi kubwa ametoka katika dini, na akishatoka, damu yake ni halali. Lakini katika watu walewale waliokataa usuluhishi wa Siffin palikuwa na waliosema la. Mwenye dhambi, walisema hao, amekufuru neema ya Mungu lakini hajawa mshirikina. Muoaneni naye, mrithiane, mleni alichochinja, mzikeni akifa. Waliosema mwenzao kafiri walipigana na dunia nzima wakaisha. Kwa hao wengine ndiko ilikotoka njia ya Ibadhi, iliyokaa Oman na kutoka Oman ikavuka bahari hadi Unguja. (Maibadhi hawapendi kuitwa Khawariji, na wana haki. Vitabu vyao vimelijibu shutuma hilo kwa muda mrefu, na jibu lenyewe ndilo hilo nililoeleza.)

Kwa hiyo tuna tarika ya kisufi iliyomwaga damu ya masufi, na tuna madhehebu iliyochipuka jirani na waasi wa kwanza wa Uislamu ikawa miongoni mwa zilizo pole kuliko zote. Ukitaka kujua nani ni hatari, jina la dhehebu lake halitakusaidia. Msikilize anavyosema juu ya anayehitilafiana naye: amekosea, au si Mwislamu tena?

Makadhi wawili, mji mmoja

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na mpango ambao sisi warithi wake hatuutazami vya kutosha. Mtawala, Busaidi, ni Ibadhi. Raia walio wengi ni Mashafi. Wapo Wahindi wa Kibohora, wa Kiismaili, wa Kiithnaashari, kila jamaa na jamatini au imambara yake. Sultani hakumlazimisha mtu kuacha madhehebu ya wazee wake. Palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafi. Mtu na mirathi yake, talaka yake na wakfu wake alikwenda kwa kadhi wake. Sheikh Abdulaziz Amawy, Mbarawa, Mshafi na mtu wa Kadiria, alikuwa kadhi chini ya watawala wa Kiibadhi. Kadhi mwingine wa Kishafi alikuwa Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija, bingwa ambaye fatwa zake zilitafutwa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 1925.

Ingia leo katika msikiti wa Mji Mkongwe wakati wa magharibi usimame safu ya nyuma utazame mikono. Wengi wameifunga, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, chini kidogo ya kifua. Mzee mmoja ameiachia ikaning'inia ubavuni, na imamu akimaliza Fatiha, msikiti mzima ukiitikia amina, yeye midomo yake imetulia. Huyo ni Ibadhi. Kijana wa pembeni yake ameifunga mikono juu kabisa, karibu na koo, na miguu ameitanua hadi kidole chake cha mwisho kimegusa cha jirani, na jirani anausogeza mguu wake kidogo kidogo. Huyo ni wa suna. Wanatoa salamu kulia na kushoto, wanapeana mikono, wanatoka kutafuta viatu vyao. Hakuna aliyerudia sala kwa kuwa jirani yake aliswali vingine.

Sitaki kuwapamba wahenga. Mpango ule haukuwa mapenzi matupu. Sultani Barghash alimtia ndani Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa kwa kuwa alikuwa akiwajibu Maibadhi hadharani na kuwavuta watu upande wa Shafi. Ukoo wa Mazrui wenyewe ulitoka Oman ukiwa Ibadhi, na sheikh huyu alikuwa katika waliobadilika. Alikaa kifungoni mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mtawala aliyefunga mtu kwa maneno hatumsifu. Lakini hata hasira ile haikufika kwenye damu. Aliyemrithi Barghash akamfungulia mlango, Sheikh Ali akarudi kwao.

Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali, aligombana na watu zaidi ya baba yake, na wengi wa hao walikuwa watu wake mwenyewe. Alitoa magazeti Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu kwa uvivu, kwa kuacha elimu, kwa israfu za harusi na matanga, kwa kutegemea makaburi. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alishika kazi hiyohiyo kuanzia 1968, naye akawa mkali kwa mengi aliyoyaona kuwa bidaa. Baadhi ya wapenzi wa maulidi walimchukia. Lakini Farsy huyohuyo ndiye aliyekaa akaandika, kwa upole na kwa majina na miaka, historia ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, na wengi wao walikuwa masufi wakubwa. Mtu anaweza kukataa jambo la sheikh na bado akamhesabu sheikh.

Na lipo lililokuwa gumu zaidi. Mwaka 1953 Ahmadiya walitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Kwa Waislamu walio wengi Ahmadiya wako nje ya Uislamu, kwa itikadi yao juu ya unabii wa mwanzilishi wao. Farsy aliiona tafsiri ile kuwa na makosa makubwa. Alifanya nini? Alitafsiri yake. Qurani Takatifu ilitoka mwaka 1969, na humo ndani anawajibu Ahmadiya hoja kwa hoja. Ugomvi wa kalamu ukatuachia vitabu viwili. Mmoja wa waliofanya kazi katika tafsiri ya Ahmadiya ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri katika serikali ya Nyerere, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kimepita mikononi mwa kila mtu aliyesoma ushairi wa Kiswahili. Watu wanaojaza uwanja wa mpira wa Arusha wenye jina lake hawajiulizi alikuwa wa jamaa gani. Sitasema kwamba tofauti yao na sisi ni ndogo. Nasema tu kwamba kuamini mtu kapotea, na kujipa ruhusa ya kumdhuru, ni mambo mawili, na pwani hii ililijua hilo.

Hata jambo ambalo sasa tunaliona ni la wote halikuanza hivyo. Lamu, Habib Saleh, Mngazija mwenye nasaba ya Mtume, aliwapinga wakubwa wa mji kwa kuwafundisha watoto wa watumwa na wageni waliokuwa hawakaribishwi katika darasa. Akaleta maulidi ya Al-Habshi, yenye matari na watu wanaoyumba safu mbili wakielekeana, udi ukifuka, marashi yakinyunyizwa viganjani na mvulana anayepita na mrashi wa fedha. Walikuwapo waliosema kupiga matari msikitini ni haramu, na wapo wanaosema hivyo leo. Msikiti wa Riyadha umesimama. Waliompinga Habib Saleh walikwenda kuswali katika misikiti yao, na Lamu haina upungufu wa misikiti.

Kijana wa Safina

Sasa tuje kwa kijana wa leo. Hapa ndipo ninapoona tulipokosea, na sioni jambo hili likisemwa sana.

Mtoto wa Mombasa, Tanga au Unguja anapelekwa chuoni. Anasoma juzuu, kisha Safina, kile kijitabu cha fiqhi ya Shafi. Anafundishwa kwamba dua ya kunuti katika sala ya alfajiri ni suna, na kwamba akiisahau asujudu sijida ya kusahau. Anakariri. Hakuna anayemwambia kwamba Imamu Malik naye anaiona nzuri lakini kwa siri na kabla ya rukuu, kwamba Abu Hanifa na Ahmad bin Hanbal hawaisomi alfajiri kama jambo la daima, na kwamba wote wanne wamefika hapo kwa dalili. Kwake yeye, Safina ndiyo Uislamu.

Anafikisha miaka ishirini. Usiku, simu mkononi, anakutana na mhadhiri anayesoma hadithi kwa Kiarabu kizuri, juzuu na ukurasa, na kuhitimisha kwamba kunuti ya alfajiri ni bidaa. Kijana anashtuka. Mwalimu wake wa chuoni hakuwahi kumtajia hadithi hiyo. Kesho yake anamuuliza. Mwalimu, badala ya kumkalisha na kumfungulia mlango wa ikhtilafu, anamjibu kwa hasira kwamba hao ni Mawahabi na asiwasikilize. Hapo mwalimu amempoteza mwanafunzi wake. Kijana amehisi kwamba alidanganywa utotoni, na mtu anayehisi alidanganywa hutafuta wa kumwamini moja kwa moja.

Walio wengi husimama hapo. Anafuga ndevu, anaacha kunuti, anakataa kula pilau ya hitima, Idd anaswali kwa mwandamo wa Makka, mama yake anaswali kesho yake, chungu kinapikwa siku mbili na kila mtu ananung'unika kidogo. Hilo halina madhara kwa mtu. Watu wa suna katika Tanzania na Kenya wamejenga shule, wamechimba visima, wamewatoa vijana kwenye unga na pombe. Kumwita kila mmoja wao gaidi ni dhulma, na ni ujinga pia, kwa sababu katika vita na al-Shabaab wa Somalia wao ni miongoni mwa waliolipa zaidi. Sheikh Abdulkadir Nur Farah, mwanachuoni mkubwa wa Kisalafi aliyekuwa akiwapinga al-Shabaab waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Garowe Februari 2013.

Wachache hawasimami hapo. Hao wanakutana na mtu wa tatu, ambaye hazungumzii kunuti tena. Anawaambia kwamba sheikh anayesoma maulidi ni mshirikina, kwamba kadhi anayelipwa mshahara na serikali ni murtadi, kwamba anayepiga kura ni kama wao. Kila hukumu inabeba inayofuata. Mfano wa mtu huyo wa tatu ni Sheikh Aboud Rogo wa Mombasa. Alizungumza Kiswahili kitamu, na kanda zake zilisafiri kutoka Kenya hadi Tanzania na kuvuka mto Ruvuma. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwekea vikwazo Julai 2012 kwa kuwasaidia al-Shabaab. Agosti 27 mwaka huohuo alipigwa risasi garini, mkewe na jamaa zake wakiwamo. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale.

Hili la mwisho linahitaji kusemwa wazi. Baada ya kifo cha Rogo, waliomfuata walikuwa na kitu ambacho hawakuwa nacho kabla: shahidi. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, Mombasa, na viatu vyao na bunduki zao, wakakamata vijana zaidi ya mia. Mmoja wao, aliyepigwa picha akiwa hai mikononi mwa askari, hakuonekana tena. Ukitaka kumthibitishia kijana kwamba dola ni adui wa dini yake, huwezi kumpa ushahidi bora kuliko huo. Dola inayoua bila mahakama inafanya kazi ya mhubiri kwa niaba yake.

Walioanza kufa ni Waislamu

Watu wa mbali wanadhani vita hivi ni vya Waislamu dhidi ya Wakristo. Tunawakumbuka, na tuna wajibu wa kuwakumbuka, waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa: watu 148, Aprili 2, 2015, wengi wao wanafunzi waliochaguliwa kwa dini yao. Tunaikumbuka Westgate ya Nairobi na watu wake 67. Lakini mwenye kukufurisha huanza nyumbani kwake.

Juni 2014 huko Likoni, Mombasa, aliuawa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Miezi michache kabla, vijana walikuwa wamemtoa kwa nguvu katika msikiti wa Sakina aliokuwa akiusimamia, kwa kuwa alikuwa akiupinga ukali wao. Somalia, al-Shabaab walianza kuvunja makaburi ya mawalii tangu 2008, hadi masufi wa Ahlu Sunna Waljamaa, watu wa maulidi na kasida, wakashika bunduki kuwapinga. Barawa, mji wa Sheikh Uways, ulikaa chini yao mpaka Oktoba 2014. Lori lililolipuka Mogadishu Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500, karibu wote Waislamu. Mwezi uliofuata, katika msikiti wa Rawda huko Sinai, Misri, msikiti wenye uhusiano na masufi, waliuawa zaidi ya 300 wakiwa katika sala ya Ijumaa.

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ni jirani yetu, na wengi huko wanasikia Kiswahili. Miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, vijana walijitenga na misikiti ya wazee, wakaingia kuswali na viatu, wakawakataza watu kupeleka watoto shule za serikali. Wenyeji wakawaita mashababi. Masheikh wa huko waliona, wakawaambia wakubwa wa serikali, na hawakusikilizwa vya kutosha. Oktoba 5, 2017 vijana hao walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Kilichofuata ni vijiji kuchomwa, vichwa kukatwa, na mamia ya maelfu ya watu kukimbia makwao, Waislamu kwa Wakristo. Oktoba 2020 walivuka hadi Kitaya, Mtwara, wakaua upande wetu.

Utaambiwa chanzo ni gesi ya Ruvuma na rubi za Montepuez, utajiri unaopita mbele ya macho ya maskini. Ni kweli, na anayedharau hilo hataelewa kitu. Lakini maskini wa Afrika ya Mashariki ni wengi mno, na waliodhulumiwa ardhi ni wengi mno, na hawakati watu vichwa. Umaskini unampa mtu hasira. Ruhusa ya kumchinja jirani anayefunga Ramadhani moja na yeye inatoka kwingine, inatoka kwa yule aliyemwambia kwamba jirani si Mwislamu tena.

Na tusidhani kwamba nchi iliyotulia iko salama. Julai 15, 2024, usiku wa kukaribia Ashura, watu watatu waliwafyatulia risasi waumini wa Kishia waliokusanyika msikitini Wadi al-Kabir, Muscat. Waliouawa ni sita, mmoja wao askari polisi. Kundi linalojiita Dola ya Kiislamu likadai ni kazi yake. Polisi wa Oman wakatangaza kwamba washambuliaji ni ndugu watatu, raia wa Oman. Hii ni Oman, nchi ambayo mufti wake mkuu, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, Ibadhi aliyezaliwa Unguja, ameshika kazi hiyo tangu 1975, na ambako Msuni, Mshia na Ibadhi wamezoea kusimama safu moja. Nyumba nyingi za Waswahili wa Muscat hazikulala usiku ule.

Dawa yake wanazuoni walikwisha kuiandika. Novemba 2004 Mfalme Abdullah wa Jordan alitoa Ujumbe wa Amman, na Julai 2005 maulamaa kutoka nchi zaidi ya 50 walikutana Amman wakakubaliana kwamba madhehebu manane ni ya Waislamu: manne ya Kisuni, Jaafari na Zaidi za Kishia, Ibadhi, na Dhahiri, na kwamba haifai kumkufurisha anayefuata mojawapo, wala masufi wa kweli, wala Masalafi wa kweli. Pwani yetu ina Mashafi, Mahanafi, Majaafari na Maibadhi katika mtaa mmoja. Kama pana mahali karatasi ile ilipaswa kuning'inizwa ukutani ni hapa. Imesainiwa na wakubwa ikabaki kwa wakubwa. Chuoni haijafika.

Wala haitafika kwa semina za hotelini, ambako mashekhe walewale hupigwa picha na mabalozi na kurudi na mikoba. Serikali ikichagua Uislamu mzuri na kuulipia, itauharibu huo iliouchagua. Kijana atauona ni Uislamu wa posho. Kazi hii ni ya mwalimu wa chuo, na inaanzia kwenye Safina ileile. Afundishe kunuti, na siku hiyohiyo aseme nani haisomi na kwa nini. Awasimulie watoto kwamba Imamu Shafi, ambaye sote tunajinasibisha naye, alikuwa mwanafunzi wa Malik akahitilafiana naye, akawa mwalimu wa Ahmad naye Ahmad akahitilafiana naye, na kwamba mwenyewe alipofika Misri aliziacha rai zake nyingi za Iraq. Awasimulie kile kisa kinachopokewa, kwamba Shafi aliposwali alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa aliiacha kunuti kwa heshima ya aliyelala pale. Mtoto aliyeyasikia hayo akiwa na miaka kumi hatashtuliwa na simu akiwa na ishirini.

Desemba 2015, katika barabara ya kwenda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi pale na akafa hospitalini Januari 2016. Mwaka mmoja kabla, katika barabara hizohizo, watu 28 walikuwa wametengwa hivyohivyo na kuuawa.

Basi, mzazi, baada ya Idd utakapompeleka mwanao chuoni, usiulize ada peke yake. Muulize ustadhi anawaambia nini watoto juu ya anayeswali mikono chini, anayesoma maulidi, asiyesoma maulidi. Akikujibu kwamba hao si Waislamu, mshike mwanao mkono mtafute chuo kingine, hata kama ustadhi huyo ni wa tarika yako, hata kama ni wa suna kama wewe. Na wewe ustadhi, ukiulizwa na kijana hadithi usiyoijua, usimfukuze. Mwambie arudi kesho, ufungue kitabu.